Sura ya Sita: Grisi ya Feni Namba Mbili

Tangu aletwe kituoni, Mzee wa Grisi alikuwa amesema maneno manne tu, na asubuhi ya siku ya nne aliyarudia vilevile.

"Saini ni yangu. Andika."

Mkaguzi hakuandika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha puani. Alikuwa mama mtu mzima, mzito wa mwili na mwepesi wa macho, aliyeshika spana miaka kumi na minane kabla ya kushika kalamu. Ofisi ya usalama viwandani ilikuwa na mazoea ya kumtuma mahali ambapo watu walikuwa wameshatoa hukumu.

Na hapa hukumu ilishatolewa. Feni namba mbili ya kiwanda cha sabuni ilikatika shafti, ule mti wa chuma unaoizungusha, ikiwa kwenye mwendo, mapanga yake yakapasua ganda la bati na kumuua mwendesha mitambo wa zamu ya mchana. Marehemu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mrefu, alikuwa mkwe wa Mzee wa Grisi, mume wa binti yake wa pekee. Kazi ya mzee kwa miaka thelathini na moja ilikuwa kupaka grisi beringi, zile bangili za chuma zenye gololi ndani zinazobeba shafti. Kadi ilisema aliipaka beringi ya feni ile kila wiki. Meneja alisema ilikutwa imekauka kama mkaa. Kesho saa nne asubuhi jalada lingekwenda mahakamani: kusababisha kifo kwa uzembe.

Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na ukuta wa chumba cha mahojiano ulikuwa umelowa kwa chini. Mzee alikuwa amevaa sweta la polisi lililomzidi mikono. Sajini wa zamu alimvulia lake, bila kuagizwa na mtu, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni amejikunyata.

"Mzee wangu," Mkaguzi alisema, "ngazi ya feni namba mbili ina hatua ngapi?"

"Kumi na tisa." Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa idadi ya watoto wake.

"Mara ya mwisho uliipanda lini?"

Mzee aliangalia ukuta.

"Haya. Naomba basi unisaidie kitu. Mvua inaingia kwa kile kidirisha, na mimi kimo sina. Panda kiti hicho ukifunge."

Alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima akiombwa na mwanamke hakatai. Aliinuka. Alishika meza, akainua mguu wa kulia mpaka ukafika usawa wa kiti, akajikaza. Goti lilikataa. Alijaribu wa kushoto. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, na sajini akawahi kumdaka kwapani kabla hajaenda chini.

"Kaa, mzee. Kaa, nisamehe," Mkaguzi alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakulipenda alilofanya. "Hupandi ngazi wewe. Nani alikuwa anakupandia?"

"Saini ni yangu," mzee alisema. "Andika."

Nje kwenye korido, sajini alimsindikiza huku akipuliza viganja vyake.

"Nimewaona wengi hapa, mama. Mwenye kosa lake anaongea kama redio. Huyu amefunga mdomo."

"Anamlinda mtu."

"Nani sasa? Hana mtu. Binti yake nimempigia mara tatu. Ananiambia, afande, mimi sina baba." Sajini akainamisha kichwa. "Chakula tunagawana changu. Si kingi, lakini anakula."

*

Kiwandani harufu ya sabuni ilikuwa nzito kiasi cha kukwaruza koo. Meneja alimpokea ofisini akiwa na macho mekundu na shati la jana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyepata maelezo yanayomtosha, na sasa alitaka kulala.

"Mama, unanisumbulia watu. Beringi imekauka. Mzee hakupaka. Mrefu akasikia inapiga kelele, akachukua bomba la grisi apande akamwokoe mkwewe, ikamlipukia. Bomba limekutwa pembeni yake. Unataka nini zaidi?"

"Kadi."

Meneja alizitandaza mezani kadi tatu za matengenezo, moja kwa kila feni. Kila kadi ilikuwa na tarehe, neno "paka", na mstari mmoja wa saini. Mkaguzi aliziinamia muda mrefu, akizipandisha na kuzishusha kwenye mwanga wa dirisha, hata meneja akaanza kugonga kalamu.

"Zote ni saini yake," meneja alisema.

"Ndiyo. Lakini angalia pembeni. Kadi ya feni namba moja, kila saini ina alama ya kidole gumba chenye grisi. Namba tatu, vilevile. Mtu ametoka kupaka, ameshika kadi, ametia saini. Namba mbili nayo ina vidole, mpaka hapa." Aliweka ukucha kwenye tarehe moja. "Kuanzia hapa, wiki ishirini na mbili, kadi safi kama cheti cha ndoa."

Meneja alipiga meza kwa furaha ya mtu aliyekombolewa. "Si nimekwambia! Miezi mitano hajapaka! Na siyo hilo tu, grisi yenyewe alikuwa anaiuza."

"Umejuaje?"

"Ndoo moja ilikuwa inatuchukua miezi mitatu. Mwaka huu inaisha mwezi na wiki moja. Gereji zimejaa mtaa mzima huu. Grisi inakwenda wapi kama si huko?"

"Getini mnapekua watu?"

"Kila mtu. Hata mimi napekuliwa, na wananipekua vizuri."

"Mzee amewahi kukutwa na grisi?"

"Bado."

"Basi haijatoka nje ya geti," Mkaguzi alisema, akifunga daftari. "Imo humu ndani. Nipe fundi mmoja na seti ya spana, nikaitafute."

*

Fundi aliyepewa alikuwa mwendesha mitambo wa zamu ya asubuhi, mtu mfupi aliyeitwa Kipara, ingawa nywele alikuwa nazo. Kipara kilikuwa cha baba yake, yeye alirithi jina tu. Siku ile hakuwa na mzaha. Alibeba spana nyuma ya Mkaguzi akitembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Jengo la kukaushia lilikuwa la giza, madirisha yake yameota unga wa sabuni. Feni namba moja na namba tatu zilikaa sakafuni, kila moja kubwa kama chumba cha mlinzi. Namba mbili ilikuwa juu, kwenye jukwaa la chuma, na ngazi ilisimama wima kama imepigiliwa ukutani. Bati lililopasuka lilikuwa limening'inia. Chini yake mama wa usafi alikuwa anafuta sakafu ambayo haikuwa na uchafu.

"Umefuta hapo mara ngapi leo, dada?" Mkaguzi aliuliza.

"Acha tu, mama. Mikono inakuja yenyewe." Aliegemea ufagio. "Sakafu hii naijua kuliko mume wangu. Na yenyewe angalau inaonekana ikisafishwa."

"Hapa chini ya ngazi kulikuwa na uchafu gani zamani?"

Mama wa usafi alimtazama Kipara, kisha akatazama maji kwenye ndoo. "Matone ya grisi. Naingia asubuhi, nayakuta. Nafuta. Nikirudi kutoka chai, yapo tena. Nafuta. Saa kumi nikitaka kuondoka, mengine haya. Nikafikiri feni inatokwa jasho."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano hivi."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, wamwagie lawama yule mzee kwamba anachafua? Nilifuta, nikanyamaza. Yule mzee, mama, kila nikipita na ndoo ananifungulia mlango. Kiwanda kizima ni yeye peke yake."

Mkaguzi aliandika saa tatu moja chini ya nyingine: asubuhi, baada ya chai, saa kumi. Akazizungushia duara, akamwambia Kipara aanze na feni namba moja.

"Namba moja nzima, mama. Iliyokufa ni ile ya juu."

"Mgonjwa hupimwa pamoja na mzima. Fungua."

Kipara alilegeza boliti nne, kofia ya beringi ikatoka. Ndani grisi ilikuwa laini, rangi ya asali, imejaa kama theluthi moja ya nafasi. Gololi ziling'aa. Mkaguzi alichovya kidole, akasugua, akanusa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi wa mpishi hodari. Namba tatu ilikuwa hivyohivyo.

"Nani anazipaka hizi?"

"Mzee. Hizi za chini anazipaka mwenyewe."

"Mipigo mingapi ya bomba?"

"Sijui, mama. Yeye ndiye anajua."

"Minne kwa wiki, ningekisia. Na kabla ya kupaka anafungua hiki kizibo cha chini, ili ya zamani itoke. Umeona mikwaruzo ya spana? Huyu ni fundi. Haya, twende juu."

Alipanda hatua kumi na tisa akihema, akapumzika katikati mara mbili. Juu, shafti iliyokatika ilikuwa na beringi mbili: moja iliyosagika, upande wa panga, na nyingine upande wa mota, ambayo haikuguswa na ajali. Kizibo chake cha chini kilikuwa kimefunikwa na rangi ya kijani, mpya, laini, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Rangi hii ya lini?"

"Walipokuja wageni kutembelea. Tuliambiwa tupake kila kitu kisichotembea."

"Fungua kofia."

Boliti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilipolegea, grisi ilianza kujisukuma yenyewe pembeni ya kofia, nene, polepole, kama dawa ya meno iliyokanyagwa. Kofia ilipotoka kabisa, nyuma yake hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata sindano. Ilishindiliwa mpaka mpira wa kuzuia grisi umetoka nje. Kipara alirudi nyuma, spana ikamponyoka, ikagonga ngazi hatua kwa hatua mpaka chini.

Mkaguzi alihamia kwenye beringi iliyosagika. Akachokonoa kwa bisibisi ule ukoko mweusi ambao meneja aliuita ukavu. Ulijaa kofia nzima, pembe hadi pembe, mgumu kama lami.

"Beringi iliyokosa grisi, kofia yake unaikuta tupu," alisema, zaidi kwa daftari kuliko kwa Kipara. "Hii ilijaa. Grisi ikizidi haina pa kwenda, na kizibo kimezibwa rangi. Gololi zinaikoroga, inachemka, mafuta yanatoka, unabaki huu ukoko. Kwa macho ni kama imekauka kwa njaa. Kumbe imekufa kwa kuvimbiwa."

Alipogeuka, Kipara alikuwa ameketi kwenye bati, kichwa katikati ya magoti.

"Sema, baba," Mkaguzi alisema kwa upole. "Ulikuwa unapiga mingapi?"

"Kumi." Hakuinua kichwa. "Kumi kila siku nikikaribia chai. Nilimkuta mzee hapo chini, amekaa anasugua magoti, analia, mama, mtu mzima yule analia. Nikamwambia, baba, namba mbili niachie. Akakataa. Nikajisemea, atakataa mdomoni, mimi nitapanda hivyohivyo. Nilikuwa napanda akiwa hayupo. Nilitaka isikose hata siku moja, asije akaangushiwa jumba bovu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, nimemfukuzisha. Yule mchochea boila aliyeumia mgongo, si walimtoa wiki ileile? Tuliona wote."

Mkaguzi alipiga hesabu kwenye ukingo wa ukurasa. Mipigo kumi kwa siku ilikuwa mingi, lakini haikumaliza ndoo. Haikutosha hata nusu ya ile iliyopotea. Na Kipara alipanda mara moja tu kwa siku, karibu na chai. Mama wa usafi alifuta mara tatu.

"Zamu ya usiku ni ya nani?"

"Sauti. Ila tangu msiba anashika na ya mchana. Anaingia saa nane."

*

Saa nane kasorobo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye benchi, Kipara pembeni yake ameshika tama. Sauti aliingia akiwa ameloa. Waliokuwa wamempa jina walimkejeli: alikuwa mtu mrefu wa kifua kipana aliyeongea kwa kunong'ona, hata akisimama karibu na feni.

"Mama anataka kujua kuhusu grisi," Kipara alisema bila kuinua uso. "Nimeshamwambia. Nilikuwa napaka mimi, namba mbili. Kila siku."

Sauti alisimama na mguu mmoja kwenye buti na mwingine peku.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Si nimesema? Una nini?"

Sauti aliketi taratibu. Alimtazama Mkaguzi, kisha Kipara, kisha buti iliyokuwa mkononi mwake.

"Mimi pia," alinong'ona. "Alfajiri, kabla ya kutoka zamu. Nilipoajiriwa hapa sikuwa na viatu vya kazi. Mzee alinipa vyake, akafanya kazi mwezi mzima na kandambili. Nilipoona hapandi tena, nikasema na mimi... nikasema, hili naliweza."

"Mingapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Mpaka inaanza kutoka pembeni. Si ndiyo inakuwa imeshiba?"

Mvua ilipiga bati, na mahali fulani ndani ya jengo kengele ya zamu ililia, lakini hakuna aliyeinuka.

"Na jioni," Kipara alisema polepole, "kama sisi wawili tulikuwa..."

"Ndiyo," Mkaguzi alisema. "Mrefu naye."

"Mama, sema ukweli. Tumemuua sisi?"

Angeweza kusema hapana. Watu wengi wangesema hapana, na ingekuwa huruma ya dakika tano.

"Grisi yenu ndiyo iliyovunja beringi," alisema. "Hilo nitaliandika, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na nitaandika kwamba hakuna aliyewafundisha kiasi, hakuna aliyewaonyesha kizibo, na kwamba mlipanda kwa kumwonea mzee huruma. Yote hayo nitayaandika ukurasa mmoja. Mko tayari kutia saini?"

Sauti ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kuchukua kalamu.

Meneja alisomewa maelezo hayo akiwa amesimama, akamaliza akiwa ameketi.

"Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?" aliuliza.

"Kadi yako ina neno 'paka'. Haina kiasi. Ina mstari wa mtu mmoja, kwa hiyo wengine watatu walipaka na kadi haikujua. Vizibo mmevipiga rangi. Na mtu wa miaka sitini na mitatu mmemwekea ngazi ya wima wakati mrija wa futi ishirini ungemwezesha kuipaka akiwa sakafuni."

"Hakuniambia kwamba magoti yanamsumbua!"

"Yule mchochea boila alikwambia mgongo unamuuma. Ulimfanyaje?"

Meneja alivuta karatasi, na kwa mara ya kwanza siku ile akaanza kuandika yeye: kiasi kwa kila beringi, vizibo vyote vifunguliwe kabla ya mtambo kuwashwa, kila anayeshika bomba aandike jina lake. Mkaguzi alimwachia aandike. Alikuwa bado na nyumba moja ya kwenda.

*

Binti wa Mzee wa Grisi alifungua mlango nusu. Nyuma yake viti vya kukodi vya matanga vilikuwa bado vimepangwa ukutani, vitupu.

"Kama ni habari za baba, mimi sina."

"Ni habari za mume wako, mwanangu. Mashati yake ya kazi, umeyafua?"

Swali lile hakulitegemea. Aliuachia mlango.

Mashati yalikuwa matatu, yamekunjwa juu ya kiti. Mkono wa kulia wa kila moja ulikuwa na kivuli cha grisi kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifungo.

"Nilikuwa nayasugua kwa mafuta ya taa, hayatoki," binti alisema. "Namwambia, wewe ni mwendesha mitambo, si mpaka grisi, hii unaitoa wapi? Anacheka. Miezi mitano anacheka tu. Mpaka siku moja akaniambia, napanda kwa ajili ya baba yako, usimwambie mtu." Aliyashika yale mashati kifuani. "Baba alikaa chini, mshahara akachukua, akamtuma mume wangu akafe mahali pake. Halafu mnataka nimpelekee chakula?"

"Alipanda kila siku?"

"Mume wangu? Akisema atafanya, anafanya. Hata siku ana homa alipanda."

Mkaguzi alikunja miwani yake. Sasa alijua mzee alikuwa anamlinda nani.

"Sikiliza, mwanangu. Baba yako hajui kwamba alipanda kila siku. Alimwomba mtu mmoja tu, mume wako. Feni ilipovunjika, na watu wakasema imekauka, yeye alielewa jambo moja: kwamba mkwewe alisahau. Angesema hivyo, angekuwa nyumbani siku ileile. Siku nne yuko ndani na hajatamka jina la mumeo."

Binti aliyakunja upya yale mashati. Maji yalidondoka kutoka kwenye ukingo wa paa, tone baada ya tone.

"Mimi narudi kituoni," Mkaguzi alisema akiinuka. "Kwenye gari kuna nafasi. Sikulazimishi."

Alipowasha gari, mlango wa nyuma ulifunguka na kufungwa.

*

Binti alibaki kwenye benchi la mapokezi. Ukuta wa chumba cha mahojiano ulikuwa wa mbao nyembamba, na Mkaguzi hakuufunga mlango vizuri.

"Mzee, mkwe wako hakusahau."

Mzee aliinua uso.

"Alipanda kila siku, miezi mitano. Kipara naye alipanda. Na Sauti. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Beringi haikukosa grisi, mzee wangu. Ilizidiwa. Siku ile ilipopata moto ikaanza kupiga kelele, Mrefu akafikiri ina kiu, akapanda kuiongezea."

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Hakusahau?"

"Hata siku ya homa."

"Nilimdhania vibaya," mzee alisema. "Siku nne nimekaa hapa namsamehe mtu ambaye hakukosa. Nilisema, mtoto wangu ameshampoteza, asije akaambiwa tena kwamba uzembe ulikuwa wa mumewe." Alifunika uso kwa mikono miwili, mikono ile iliyokuwa na weusi wa grisi kwenye kila mfereji wa ngozi. "Hakuna aliyemwonyesha kizibo. Ni mimi wa kumwonyesha. Nilimwambia paka tu, nikaona aibu kueleza zaidi. Wale vijana wawili usiwaandike, mama. Niandike mimi."

"Wameshajiandika wenyewe. Na wewe nitakuandika: kwamba ulitia saini kazi usiyoifanya. Kwa hilo kazi utaipoteza, sitakudanganya. Lakini hukuua mtu kwa uzembe, na jalada la kesho haliwezi kusema hivyo."

Sajini aliyekuwa mlangoni alikohoa. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujali kuyafuta.

"Kwa maelezo haya, mkuu wa kituo anaweza kumwachia leo kwa dhamana, mama. Ila lazima ndugu. Bila ndugu analala hapahapa." Aliusukuma mlango, akageukia mapokezi, akauliza kwa sauti ya kazi, kama hajui anaongea na nani: "Ndugu wa huyu mzee yupo?"

Benchi lilikuwa tupu. Sajini alimtazama Mkaguzi, na Mkaguzi akatazama mlango wa nje, ambao mvua ilikuwa inauchezea.

Kisha waliona kwamba binti alikuwa ameshasimama nyuma ya mlango wa mahojiano, karibu kabisa na ufa wa mlango, mkono mmoja umeshika fremu. Hakujulikana alikuwa hapo tangu lini.

"Yupo," alisema.

Aliingia. Hakumkumbatia. Alisimama mbele ya baba yake, mikono imening'inia, akimtazama kama mtu anayesoma barua ndefu yenye mwandiko mbaya. Mzee hakuthubutu kuinua macho zaidi ya viatu vya binti yake, vilivyokuwa na udongo mwekundu uliokaukia pembeni.

"Baba," alisema, "tulimzika juzi. Hukuwepo."

"Sikuwepo, mwanangu."

"Ni mbali kidogo na barabara. Inuka. Twende nikakuonyeshe tulipomlaza."